Ulimi wa Ng'ombe Kwenye Mzunguko wa Kale

Edah wa Shieywe, hapa Kakamega mjini, si mtu wa maneno mengi. Mtaani wanamjua kwa mboga: mrenda, saga, sucha na kunde, anazonunua kwa wakulima wa Shinyalu asubuhi na kuziuza kwenye kibanda chake kando ya njia, zikiwa zimechambuliwa tayari, ili mtu akitoka kazini azitie tu sufuriani. Wanamjua pia kwa jumuiya. Kila Alhamisi jumuiya yao ndogo ya kanisa husali nyumba kwa nyumba, na zamu ikifika kwake Edah hutandika meza kitambaa cheupe, huwasha mshumaa, na huazima viti kwa jirani yake Moraa. Mume wake alifariki binti yao Musimbi akiwa darasa la pili. Tangu hapo amemlea mtoto huyo mmoja kwa mboga na kwa rozari, na Mungu hajamwacha.

Kwa hiyo Musimbi alipomwambia kwamba mwezi huu ni zamu yake kukaribisha Mzunguko wa Kale, Edah aliulizia viti kwanza.

"Hakuna viti, mama. Ni kwa mtandao."

"Haya. Na watu ni wangapi?"

"Waandishi ni kama kumi hivi. Wasomaji siwezi kujua."

"Mtu anakaribishaje watu asiojua idadi yao? Chai utapima na nini?"

Musimbi alicheka akashika mbavu, kisha akaketi kumweleza pole pole, kwa sababu ni mtoto mwenye heshima. Yeye ni karani katika ofisi moja mjini, lakini jioni huandika kwenye blogu yake, yaani ukurasa wake mwenyewe kwenye mtandao, habari za watu wa zamani, kabla Mzungu hajafika. Wako wenzake wanaoandika hivyo, Mumias, Matete, Kisumu, kila mmoja na blogu yake. Kila mwezi mmoja wao hukusanya maandishi mazuri ya wenzake wote, huyapanga kwenye ukurasa wake na kuwakaribisha wasomaji. Mwezi ukiisha, zamu huhamia kwa mwingine. Mwezi uliopita ilikuwa kwa Zuena wa Mumias, na alipanga vizuri mpaka watu wakampigia simu kumpongeza.

"Basi ni jumuiya," Edah akasema. "Kila mtu na somo lake, nyumba ndiyo inabadilika."

"Hapo umeshika, mama."

"Na sala ya kufungua anasali nani?"

Musimbi akarudi kwenye simu yake. Edah akaendelea kuchambua saga, lakini moyoni aliona kuna kitu hakijakaa sawa. Watu wakutane bila kuonana, wazungumze habari za wafu, na asiwepo hata mmoja wa kuwaombea hao wafu. Akaliacha hapo. Mambo ya vijana ni mengi.

Tena hakuwa na sababu ya kuulaumu mzunguko huo, maana ndiko Musimbi alikompata Sifuna. Kijana huyo ni wa Matete, anatibu mifugo, na kwenye blogu yake aliandikanga habari za wahunzi waliofua majembe na mikuki zamani. Walianza kwa kusifiana maandishi, wakaja kusifiana wenyewe. Alikuwa amefika nyumbani mara mbili. Mara ya pili alikula akaondoa sahani yake mwenyewe akaiosha, na Edah alipoona hivyo alienda nyuma ya nyumba akamshukuru Mama Maria. Sasa wazee wa Sifuna walikuwa wanakuja Jumamosi kujitambulisha. Shemeji yake Edah, Isaiah, kaka wa marehemu, alikuwa ameshakubali kuja kutoka Shinyalu kusimamia maneno. Jogoo walikuwa wamefungwa tayari.

Basi Jumanne jioni ya wiki hiyo hiyo, mama na binti walikuwa kwenye baraza. Mama alikuwa na beseni la kunde miguuni, binti na simu mkononi. Musimbi alikuwa anamsomea yale aliyopanga kwa ajili ya mzunguko. Akamsomea ya Zuena, kuhusu misafara ya zamani iliyopita Mumias. Akamsomea ya mtu wa Kisumu kuhusu vyungu, na Edah akasema huyo mwandishi hajawahi kufinyanga, anaongea tu.

"Sasa sikia hii ya Sifuna," Musimbi akasema. "Imefika leo. Safari hii ameacha wahunzi, ameandika asili ya ukoo wao. Babu yake mdogo ndiye alimwambia. Mama, utashangaa!"

Akasoma. Palikuwa na ndugu wawili, mwaka wa njaa, wamebaki na ng'ombe mmoja. Walimchinja kando ya mto. Kichwa ni haki ya mkubwa, kwa hiyo akapelekewa kichwa. Mkubwa akafungua mdomo wa ng'ombe, akaona hamna ulimi. Mdogo ameuficha. Mkubwa akasimama mbele ya watu akauliza, "Ng'ombe huyu alizaliwa bubu?" Watu wakacheka, mdogo akaona aibu, na kabla jua halijatoka akavuka mto na watu wake wakaelekea kaskazini. Huyo aliyevuka ndiye baba wa ukoo wa kina Sifuna.

Mikono ya Edah ilikuwa imesimama juu ya kunde.

"Soma tena alivyouliza."

"'Ng'ombe huyu alizaliwa bubu?' Mama, si ndiyo ile yako! Ile uliyonipa mwezi uliopita, niliyoipanga iwe ya mwisho kwenye mzunguko huu! Neno kwa neno! Yake ni ya aliyeficha ulimi, yetu ni ya aliyeibiwa. Nitaziweka pamoja, moja upande huu, nyingine upande ule. Watu watachizi."

Musimbi alifurahi kama mtoto aliyeokota yai. Edah aliinama akajidai anatafuta wadudu kwenye majani. Ni kweli hadithi hiyo alimpa yeye, na aliitoa kama asili ya ukoo wa marehemu baba wa Musimbi, maana aliipata kwa mama mkwe wake, katika boma la kina mume wake huko Shinyalu, mwaka alioolewa. Na kama ukoo wa marehemu ni wa yule mkubwa, na ukoo wa Sifuna ni wa yule mdogo, basi hao ni ndugu wa tumbo moja. Kwetu mtu haoi ukoo wake, wala ukoo wa mama yake, wala wa bibi zake. Hata pakipita vizazi vingi namna gani, ukoo ni ukoo. Wakishakula pamoja kama wakwe na ikajulikana baadaye kwamba ni ndugu, wataambiwa nini? Na watoto watakaozaliwa, wazee watawatazama kwa jicho gani?

Musimbi hakuwa amewaza hilo hata kidogo. Amekulia mjini. Kwake ukoo ni jina la kuandika kwenye blogu.

"Mbona umeinama, mama? Si tamu?"

"Ni tamu," Edah akasema.

Jumatano alipanda pikipiki kwenda Shinyalu kununua mboga kama kawaida, lakini hakusimama sokoni. Alipita njia ya majani chai mpaka kwa mama mkwe wake Pascalia, ambaye wote humwita Kukhu, yaani bibi, akamkuta uwanjani juani akipepeta maharagwe. Hakumwendea Isaiah. Isaiah ni mtu mwema, ila jambo likiingia sikioni mwake asubuhi, jioni liko kwa chifu. Kukhu ni mwanamke mwenzake.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mama Musimbi. Umekuja bila sukari, kwa hivyo umekuja na shida."

Edah akaketi chini, akaeleza yote. Habari ya mtandao aliifupisha, akasema tu vijana wana jumuiya yao ya kusimuliana mambo ya kale. Kukhu alisikiliza huku ungo unaenda juu na chini, makapi yanaruka.

"Hiyo ya ulimi," akasema, "nani alikuambia ni ya ukoo?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi nilikuelezea tu. Ulikuwa bibi harusi, unalialia, nikakutolea hadithi unyamaze. Mimi nilielezewa na mama mkwe wangu tukisaga wimbi. Sikumuuliza ni ya nani."

"Na mzee wako? Hakuwahi kuisema?"

Kukhu akaweka ungo chini kwa ajili ya kucheka. "Mwanaume anaelezanga mambo ya jikoni? Wao wana yao, wanasemanga matangani, usiku wa kukesha."

"Inasemaje hiyo yao?"

"Nitajuaje? Wao wakiongea mimi niko kwa moto natokosa mahindi. Wewe umeolewa hapa miaka hii yote, umeisikia?"

Edah akatafuta moyoni. Matanga yote ya boma hilo aliyahudhuria, hata ya mume wake mwenyewe. Kila mara alisikia sauti za wanaume kwa mbali, na karibu yake alisikia sufuria. "Sijawahi," akasema.

Wanawake wawili wakatazamana. Wamezaa watoto wa ukoo na kuwazika watu wa ukoo, na hakuna hata mmoja wao anayejua ukoo ulitoka wapi.

"Sasa niambie," Kukhu akasema. "Mimi nilikuelezea ulimi ulifichwa wapi?"

"Ndani ya chungu cha unga wa wimbi, chini kabisa."

"Na huyo kijana wa Matete ameandika ulifichwa wapi?"

Edah akafikiri. "Hakuandika. Amesema tu mdogo aliuficha."

"Ahaa. Nani anajua kitu kiko chini ya unga?"

"Mpishi."

"Na mpishi alikuwa nani?"

"Dada yao. Si ulisema ndiye alikuwa jikoni?"

"Na msichana anaendanga wapi?"

"Anaolewa." Edah akapiga makofi. "Kwa hiyo hadithi ililetwa hapa na bibi harusi! Si ya ukoo wa hapa. Ni ya dada, aliolewa huku, akaacha hadithi jikoni!"

"Labda," Kukhu akasema akichukua ungo wake. "Ama labda ukoo huu ni wa yule mkubwa, na dada alibaki kwake akiwapikia, na hadithi ikabaki. Mimi nitajua aje? Mimi nimezaliwa Idakho, huku nimeolewa tu."

Edah akainuka, akapangusa gauni.

Akarudi Shieywe bila mboga. Wateja waliokuja wakamwona amekaa nyuma ya kibanda kitupu na rozari mkononi, wakadhani ana msiba. Alisali Salamu Maria, akifika katikati anajikuta anahesabu vizazi badala ya sala. Akaomba apewe ishara. Kilichokuja ni Moraa, kuuliza kama Jumamosi atataka viti vyote au nusu.

"Sijui," Edah akasema.

"Hujui viti ama hujui Jumamosi?"

"Vyote viwili."

Musimbi aliporudi kutoka kazini, Edah alimweleza. Hakuweza kulala na jambo hilo peke yake siku nyingine. Musimbi alisikia, akacheka, kisha akaona mama hacheki.

"Mama, hiyo ni hadithi tu. Ng'ombe hana ulimi, mtu anakasirika, anavuka mto. Nimesoma zaidi ya moja za namna hiyo kwenye mzunguko. Kila ukoo una ndugu wawili na mto."

"Na kila ukoo una ng'ombe bubu?"

Binti akainuka. Akaenda chumbani, akarudi, akapiga magoti mbele ya mama yake kama alivyofanya siku ya kipaimara.

"Nakuomba. Usiseme. Ukisema, baba mdogo Isaiah atasimama, na wazee wa Matete watasimama, na hakuna atakayekubali kuwa wa kwanza kuketi. Nitaiondoa hadithi yetu kwenye mzunguko. Nitaweka ya Sifuna peke yake. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Wewe hata hujui! Umesema mwenyewe hujui!"

Ni kweli hakujua. Kama angejua ni ndugu, angesema bila kuuliza mtu. Kama angejua si ndugu, angenyamaza na kuimba. Lakini atafanyaje mtu aliye katikati? Siku mbili hizo alichambua mboga na kutupa majani, akabaki na mashina. Alikwenda kwa padre, akafika mlangoni, akaona aibu kumwambia padre habari ya ulimi wa ng'ombe, akarudi. Ilipofika Ijumaa alikuwa ameshaamua kunyamaza. Ilipofika Jumamosi alikuwa ameamua hivyo tena, mara ya pili, na mtu akiamua jambo moja mara mbili ujue bado halijamkaa.

Wageni walifika mchana. Kulikuwa na baba yake Sifuna, Mzee Cleophas, mwembamba, kofia mkononi. Alikuja na dada yake, senje wa Sifuna, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, na wazee wengine wawili. Sifuna mwenyewe alikaa pembeni na shati jeupe, jasho linamtoka. Isaiah aliwapokea kwa ukubwa wote wa mwenye boma. Wakasalimiana, wakaulizana mvua, wakaulizana mahindi. Jikoni ingokho, wale jogoo, zilikuwa tayari na obusuma, ugali wa kwetu, umepakuliwa. Desturi ni kwamba wanaokuja kwa neno la ndoa wakishanawa mikono na kula, basi wamepokewa.

Musimbi akampa mama yake birika la maji na beseni. Macho yake yalisema, Nakuomba.

Edah akaingia sebuleni. Akamwendea Mzee Cleophas, akainama, mzee akanyoosha mikono. Maji hayakutoka. Si kwamba Edah alikuwa amepanga. Mkono ulikataa tu kuinamisha birika.

"Shemeji," akamwambia Isaiah, "kabla maji hayajamwagika nina neno."

"Neno litangojea obusuma, mama Musimbi. Wageni wametoka mbali."

"Wakishakula litakuwa limechelewa."

Mzee Cleophas bado alikuwa amenyoosha mikono. Edah akasimama na birika lake, na kwa sauti ya mtu anayesoma somo la pili kanisani akasimulia kuhusu mwaka wa njaa, ng'ombe mmoja na mto, jinsi kichwa kilivyopelekwa kwa mkubwa, naye akafungua mdomo, akatazama, akauliza...

"'Ng'ombe huyu alizaliwa bubu?'" Mzee Cleophas akamalizia, na mikono yake ikashuka. "Mama, hiyo ni yetu. Wewe umeipata wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu, Shinyalu."

Sifuna akamtazama Musimbi aliyesimama kwenye mlango wa jikoni. Musimbi akatazama ukuta.

"Mimi hiyo hadithi sijawahi kuisikia," Isaiah akasema.

"Wewe si wa ukoo huu?" mmoja wa wazee wa Matete akauliza.

"Ni wa ukoo huu mpaka kwenye kucha! Sisi tuna yetu. Tulitoka upande wa ziwa tukimfuata mbwa."

"Mbwa?"

"Mbwa alipotea, wazee wakamfuata, wakamkuta amelala penye maji mazuri, wakakaa. Una neno na huyo mbwa?"

"Hapana, mzee. Kuna watu wamefuata vibaya zaidi."

Watu wakataka kucheka lakini Mzee Cleophas alikuwa ameinua kidole. "Boma moja, asili mbili. Hiyo si dalili nzuri. Pengine baadhi yenu ni wa mbwa na baadhi ni wageni, walipokewa zamani wakaachiwa shamba. Pengine hao waliopokewa ni wa ndugu yetu mkubwa."

"Unaniita mgeni?" Isaiah akasimama. "Umekaa kwenye kiti cha kaka yangu, unanukia kuku wa kaka yangu, na mimi ndiye mgeni?"

"Sijasema wewe. Nimesema pengine."

"Pengine ni nani, kama si mimi?"

Wazee wote wakawa wamesimama, kama Musimbi alivyosema. Edah alibaki katikati na birika. Alitamani sakafu ipasuke. Alichokuwa anakiona ni mtoto wake mlangoni, mikono imefumbata kanga, uso mkavu kabisa. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

Ndipo yule senje, ambaye peke yake alikuwa hajasimama, akapiga paja lake.

"Ketini! Miguu yenu inajua nini? Cleophas, watu wa yule ndugu mkubwa tunawajua ama hatuwajui?"

"Tunawajua."

"Mama yetu alipofariki, kaburi lilichimbwa na nani?"

Mzee Cleophas akafikiri. "Ni wao walichimba. Walikuja na majembe yao."

"Na mwezi wa nne, mlienda kuzika wapi?"

"Kwao."

Senje akamgeukia Isaiah. "Mzee wetu, nikuulize bila ubaya. Umewahi kuja Matete na jembe, kuchimba kaburi la mtu wetu?"

"Mimi? Matete najua barabara tu."

"Baba yako? Babu yako? Umewahi kusikia?"

"Hata."

"Na alipofariki kaka yako, mwenye nyumba hii, uliona uso wa mtu wetu hata mmoja akinyolewa nywele za msiba pamoja nanyi?"

Isaiah akatikisa kichwa pole pole.

"Basi! Watu wanaweza kusahau hadithi, wanaweza kuibiana hadithi, lakini ndugu gani huyo asiyejua njia ya kwenda kuzika ndugu yake?"

Mzee Cleophas akaketi kwanza. Isaiah akabaki amesimama kidogo zaidi, kwa heshima ya boma, kisha naye akaketi.

"Lakini bado," akasema, amekunja uso, "hadithi yenu ilifikaje kwenye moto wa mama yangu?"

Wakamtazama Edah. Akawaambia alichosema Kukhu, kuhusu chungu cha unga, na ulimi uliokuwa chini kabisa, mahali pa kujulikana na mpishi tu. Senje alifungua mdomo.

"Ndani ya unga! Cleophas, unasikia? Sisi hatukuambiwa mahali. Tunajua tu walikuwa na dada, akaolewa nje, upande wa msitu, akapotea huko. Hata jina hatuna."

"Kwa hiyo," Isaiah akasema, na alikuwa anahesabu kwa vidole, "kama huyo dada aliolewa kwetu, sisi ni wapwa zenu."

"Wapwa wa zamani sana," mzee mmoja akasema.

"Na mpwa anaolewa kwa wajomba?"

Hapo wakaanza upya. Mmoja alisema haiwezekani, mwingine akasema inategemea, wa tatu akasema kwao iliwahi kutokea na hakuna aliyekufa. Edah alisikia akili inazunguka kama jiwe la kusagia. Wakati huu ni Isaiah mwenyewe aliyekata maneno, labda kwa sababu ya njaa. "Mama ya huyu mtoto ni wa wapi? Tunajua, na si Matete. Bibi yake, mama yangu? Idakho. Bibi yake upande wa mama yake?"

"Butsotso," Edah akasema.

"Hao ndio wanaokatazwa, na hakuna wa Matete. Zaidi ya hapo mkikataza, hakuna mtu atakayeoa Kakamega hii isipokuwa alete mke kwa ndege. Mimi kwa upande wangu nimemaliza. Mzee Cleophas?"

Mzee Cleophas alimtazama kijana wake, aliyekuwa amelowa shati zima. Kisha akamnyooshea Edah mikono yake miwili, wazi, kama mwanzo.

Edah akamimina maji. Akamimina mengi mno, mpaka yakapita beseni na kulowesha kofia ya mzee iliyokuwa magotini. Akaomba msamaha, mzee akasema si kitu. Akazunguka kwa wote akiwa hajui kama anafurahi, maana jambo limekwisha kwa njia ambayo asingeweza kumweleza mtu. Je, angenyamaza, si mambo yangefika hapa hapa? Au yangefika pabaya? Hakujua, na aliona hatajua.

Jikoni obusuma ulikuwa umepoa na kugandamana wakati wanaume wanabishana. Haikufaa kuwapa wageni. Edah akainjika maji mengine, akasikia hatua nyuma yake. Mgeni haingii jikoni siku ya kwanza, lakini senje alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

"Usinitazame hivyo, mama. Kule wameanza kuongea bei ya mbolea. Unga uko wapi?"

Musimbi akaingia. Hakumwangalia mama yake. Akaenda kwenye kabati, akatoa unga, akaweka chini.

"Ulinikatalia," akasema.

"Nilikukatalia, mwanangu. Nilikuwa nimeamua kunyamaza."

"Niliona. Uliingia umeamua."

Maji yakaanza kuchemka. Senje alijitia anatafuta kijiko.

"Nimeandika kwamba hadithi ni ya ukoo wa baba," Musimbi akasema. "Kesho mzunguko wangu unatoka, watu wanangoja. Itabidi nibadilishe. Sasa niandike ni ya nani?"

Edah akafikiri kwa kweli. Ya Matete, si yake. Ya Shinyalu, wenye boma hawaijui. Ya yule dada, hana hata jina.

"Mimi sijui," akasema. "Andika hivyo hivyo, kwamba mama yako aliulizwa, akasema hajui."

Musimbi akamtazama, mara ya kwanza tangu alipompa birika. Unga ulikuwa tayari ndani ya maji, na Edah alikuwa ameshika mwiko lakini hasongi, umeanza kufanya mabonge. Binti akasogea, akamwondolea mwiko mkononi.

"Kaa chini, mama. Utaunguza."

"Mwache apike," senje akasema akivuta kigoda karibu na Edah. "Huyu ndiye anakuja kwetu. Nataka kuona mkono wake."